Dole Lisilotakata

Zamda alisugua dole gumba la kulia kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, lakini wino wa zambarau uligoma kutoka.

Asubuhi meneja wa benki alikuwa amemwita pembeni. "Sheria yataka mteja atie dole, akubali mwenyewe kukopeshwa akaunti yake ikikauka. Hawa wazee wa pensheni hatukuwauliza, na mkaguzi yuko njiani. Watilie wewe kwenye fomu zao, mwanangu. Dole ni dole tu."

Naye akawatilia wote, hata Bi Mwanakheri, aliyekuja juzi akilia kwamba pensheni yake imeliwa na riba ya mkopo asioujua.

Sasa mkaguzi alikuwa amesimama mbele ya meza yake, mama mpole mwenye miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Habari za kazi?" Akanyoosha mkono.

Mkono wa kushoto haupewi mtu mzima. Meneja akakohoa. Polepole Zamda akatoa wa kulia, dole kalificha kiganjani.

Mkaguzi akaupokea kwa mikono miwili, kama wafanyavyo waungwana. Lakini hakuuachia. Akaanza kuuvuta taratibu kuelekea dirishani, penye mwanga.