Daraja la Malori Mawili

Kila Jumapili Théodore alipopiga simu nyumbani, aliuliza kwanza hali ya mto, ndipo akauliza hali ya mama yake.

Watu wa Lusimbwe, jimbo lao kule Kongo, walioishi Johannesburg waliguswa sana na jambo hilo. Kwenye kibanda chake cha kinyozi jirani na Joubert Park, mteja angeweza kukaa na nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, huku Théodore akimsikiliza mdogo wake Gaël akieleza maji yamefika wapi na watu wamevuka kiasi gani. Wateja walivumilia. Walisema huyu ndiye mtu anayelipenda jimbo letu, tena ndiye anayelipia ukumbi kila tukikutana, ingawa kibanda chenyewe kina kiti kimoja.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, Desemba ile ya 2018, chama chao kilipomwomba asimame mbele ya mgombea mpya wa ubunge aeleze historia ya jimbo na wabunge wake. Uchaguzi ulikuwa unakaribia kule Kongo. Kura zilikuwa huko, lakini simu za kuwaambia wazazi wampigie nani zilitoka huku, na wagombea walilijua hilo vizuri kuliko walivyoijua njia ya kwenda jimboni.

Walikutana kwenye ukumbi wa kanisa Doornfontein, chini ya ghorofa, pasipo na dirisha hata moja. Mama Hélène, mwenyekiti wa chama, alifungua kwa sala, kisha akamkaribisha mgombea, mhandisi mmoja aitwaye Arlène, aliyekaa na mkoba wake mapajani. Mama Hélène alitaka kitu kimoja tu kutoka kwake na hakuficha: daraja. Mwaka uliopita mama yake mzazi alivunjika nyonga, akalazwa ukingoni asubuhi nzima kwa sababu mtumbwi hauondoki mpaka ujae. Hospitali iko ng'ambo, unaiona kwa macho. Aliposema hayo ukumbi mzima uliumia naye, na Théodore akainamisha kichwa.

Kisha akasimama. Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Alikuwa Gaël, tangu asubuhi alikuwa Gaël. Akaikata, maana mkutano ni mkutano.

Akaanza. Mbunge wa kwanza, enzi za chama kimoja, alikuja mtoni na bendi, akapigilia kigingi mahali daraja litakapoanzia. Kigingi kile kilifungiwa mbuzi mpaka kikaoza. Wa pili, yule wa 2006, alifika hapa hapa Johannesburg na mpango wa daraja la mbao.

"Nani alimuambia sisi hatuko mbuzi?" Théodore akauliza, na ukumbi ukajibu kwa kishindo kwamba ni yeye.

Wa tatu alichaguliwa kwa miaka mitano, akakaa saba bila kumuuliza mtu. Naye alikuja na daraja la kamba za chuma, la waenda kwa miguu. Théodore alimwambia watoto wa Lusimbwe hawatabembea kama nyani. Mheshimiwa aliondoka na mpango wake kwapani, na watu walipiga makofi mpaka viganja vikawauma.

Sasa akamgeukia Arlène.

"Dada, sisi hatutaki kitu ya kuchezea watoto. Tunataka daraja ya chuma, camion mbili zipitane pale katikati. Kama hauna hiyo, rudi."

Makofi tena. Ilikuwa hotuba yake ile ile, na ilikuwa haijawahi kushindwa. Mama Hélène peke yake hakupiga. Alikuwa anamtazama Arlène kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

Umeme ukakatika, ilikuwa zamu ya Doornfontein. Mtu akasema "eish" gizani, na katika giza hilo simu ya Arlène ikawaka.

"Papa Théodore," alisema, "ile yenye ulisema, ndiyo hii."

Watu wakasukumana kuizunguka picha. Ulionekana mto wao wenyewe, na ukingoni rundo la vyuma vilivyoshushwa jana yake, vipana kama barabara, watoto wamekaa juu yake. Arlène alieleza kwamba hakuja na ahadi. Fedha zilitoka kwa wamisionari, mafundi walikuwa njiani. Mwanzoni alikuwa amechora daraja dogo, lakini maneno ya Papa Théodore kwa wale wabunge wawili yalimfikia hata kule, akayaona ni ya haki, akachora upya. Malori mawili.

Mama Hélène alilia kwa sauti. Akasema daraja hilo lazima liitwe Pont Théodore, na hakuna aliyepinga. Wakamnyanyua mtu wao juu, wakamzungusha ukumbini kwa nyimbo za kanisa, na mwanga wa simu ulipompata usoni wakaona machozi yanamtiririka. Hata wanaume wazima wakafuta macho.

Walipomshusha aliomba dakika moja, akatoka mpaka kwenye ngazi na kupiga simu nyumbani. Mama Hélène akamfuata polepole na glasi ya Fanta, asimkatize. Safari hii Théodore hakuuliza hali ya mto.

"Gaël," alinong'ona, "mitumbwi yetu yote mitatu, uiuze leo."

"Yaya, mi nakupigia tangu asubuhi," Gaël akamjibu kaka yake. "Batu bote ba kuinunua, beko juu ya ile byuma ya daraja."