Ombi la Kabla ya Kukamua

Athanasie aliingia hospitalini akiwa na kuku wa shukrani kwapani, miguu ya kuku imefungwa kwa kamba ya mgomba. Binti yake alikuwa amepasuliwa asubuhi ile ili ajifungue, na yeye na mtoto wake wote walikuwa hai.

Alipouliza ampe nani kuku, muuguzi alimwonyesha mzungu aliyekuwa akinawa. "Ni ule dokta, mama. Iko Muyahudi."

Athanasie alisimama palepale. Katika usichana wake mchungaji wa kanisa aliwasomea ahadi ambayo Mungu alimpa Abrahamu, kwamba atakayewabariki watoto wake atabarikiwa. Basi yeye, huko kwao Mushaki, tangu hapo aliwaombea Wayahudi, watoto hao wa Abrahamu, kila siku kabla ya kukamua ng'ombe, kama mtu anavyowaombea watu ambao hatawaona kamwe.

Ngozi ya vidole vya dokta ilikuwa imepasukapasuka kwa sabuni, kama ya mkamuaji.

"Mama, unalia juu ya nini?" dokta aliuliza kwa Kiswahili cha kujifunza.

Athanasie alimweka kuku katika mikono ile iliyolowa.

"Minakuombeaka kila asubuhi, papa," alisema. "Sikujua kama uko na mikono."