Fuko na Shimo la Wote

Hata chai sijamaliza, mnataka hekaya. Haya, kaeni.

Fuko alianzisha shimo, akawaalika wenzake wachimbe humo. Panya Buku akachimba kuelekea mtoni. Fuko akaifukia njia yake. Kuchakulo akatoboa mlango wa nyuma, nao ukafukiwa.

"Mzee, si ulisema shimo ni letu sote?" wenzake wakamwuliza.

"Chimbeni wote. Pa kuelekea najua mimi."

"Basi baki napo!"

Wakahama, wakachimba jingine jirani, kwa ufundi aliowafundisha mwenyewe. Fuko akawa anashinda na sikio ukutani, akiwasikia wakibishana na kucheka, moyo ukimwuma. Mwisho akashindwa, akaenda kupiga hodi.

"Karibu, mzee," akasema Kuchakulo. "Lakini hapa unachimba unapoambiwa."

Akakubali, tena akasema asante.