Skrubu za Nyuma

Sanduku la umoja wa msikiti na kanisa lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa watu watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Skolastika, mtunza hazina, alilitoa uvunguni mwa kitanda chake asubuhi ile, akalileta ukumbini mbele ya mfadhili aliyeahidi kuwaongezea kiasi kilekile atakachokikuta ndani.

Alipolitua mezani ndipo alipoziona bawaba za nyuma. Sanduku zima lilikuwa na kutu, lakini skrubu za bawaba ziling'aa, kama zilizofunguliwa juzi tu. Nyumbani wanaishi yeye na mumewe tu. Mumewe akitajwa mwizi, naye ni Mkristo, nani ataketi tena pamoja ukumbini humu?

Akazifunika kwa kiganja. Mchungaji akafungua kufuli yake. Skolastika naye akafungua ya kwake kwa mkono mwingine.

"Bado wewe, Mzee Shekue," mchungaji akasema.

Mzee wa msikiti akasogea. Akaona kilichong'aa kati ya vidole vya Skolastika, kisha akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Jamani, ufunguo nimeusahau nyumbani."

Kamba ya ufunguo ilining'inia nje ya ngumi yake.