Akiba ya Ubavuni

Asubuhi ambayo duka la nguo za bei chee lilikuwa linafungua tawi la tatu, ng'ambo ya kibaraza cha Bi Sikujua, fundi cherehani, bintiye Salha aliingia mbio na gauni la duka lililomfumukia ubavuni. Hawakuwa wamesemezana tangu Salha aajiriwe huko.

"Mama, nipanulie kidogo. Mimi ndiye wa kupokea wateja mlangoni."

Bi Sikujua akaufumua mshono zaidi, akitafuta akiba, ule upana ambao kila fundi huubakiza ndani kwa kuwa mwili hunenepa. Hakuikuta. Kitambaa kiliishia palepale kwenye uzi, na sasa gauni lilikuwa wazi hadi kiunoni. Ng'ambo, muziki ulinyamaza. Meneja akaita jina la Salha.

"Nguo isiyo na akiba ni sanda," mama akasema.

"Mama, tafadhali."

Bi Sikujua akavua kanga begani, ile iliyoandikwa Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaigeuzageuza, akachagua pa kukata.

Milango ilipofunguliwa, Salha aliinua mkono kuukaribisha umati. Chini ya kwapa lake lilisomeka neno moja: mwenyeji.