Kasa wa Makumbi

Mwanakombo alikuwa juu ya mgongo wa kasa wake, makalio hewani, akifunga makumbi ya nazi ya mwisho. Kasa alikuwa mkubwa kama chumba cha kupangisha: mbavu za magogo yaliyoletwa na maji, macho ya kauri, na ndevu za mwani ambazo kasa wa Mungu hana. Msumari, hakuna hata mmoja. Mji mzima ulisema kasa huyo hataelea, atazama, na maji yalikuwa yanajaa.

"Mwanakombo! Hayo makumbi umeyafukua wapi?"

Alikuwa Bi Shani, jirani yake, aliyefukia makumbi yake pwani miezi sita ili yalainike, asokote kamba.

"Shimoni kwangu, shoga."

"Shimo lako lina alama ya jiwe moja. Langu mawili!"

Mwanakombo akanywea. Jiwe la pili alidhani limeletwa na mawimbi, akalifanya pua ya kasa.

"Basi yachukue," alisema.

Bi Shani akashika fundo la mkia, akalivuta, akasonya. "Fundo gani hili, la kufungia mbuzi? Mtu asije akasema makumbi ya Shani yamezama!"

Akaketi mchangani, akapandisha kanga, akasokota kamba pajani mbiombio, akakaza huku na huku, matusi hayamwishi.

Maji yakamfika Bi Shani magotini.

"Jiwe langu lete. Ndilo linalomlemea."

Mwanakombo akaling'oa. Wimbi likaingia chini ya tumbo, magogo yakalia kwi, kwi.

"Shuka, wewe!" Bi Shani akamaka.

"Sishuki!"

Na kasa asiye na pua akainua kichwa, akaelea.