Vipande vya Idi

Mwezi wa Idi uliandama siku ambayo hawakuutarajia. Watu wote wa maabara walikimbilia majumbani, na Siwatu, msaidizi kijana, akavisahau vipande vya uti wa mgongo wa panya ndani ya rangi. Vilipaswa kulowa siku moja, vikalowa nne.

"Hivyo vimeshaharibika, mwanangu. Vitupe," alisema Dokta Makame waliporudi kazini. Kwa miaka sita mzee huyo alikuwa akitafuta mshipa wa fahamu unaopeleka kemikali ya maumivu hadi kwenye seli inayosogeza mguu, asiuone.

"Nichungulie kidogo tu, Dokta, kisha navitupa."

Akainamia hadubini. Giza. Mara rangi iliyopenya ndani kwa siku zile nne ikawaka kijani, punje kwa punje, juu ya uzi mwembamba kuliko unywele. Akaufuata uzi ule mpaka kwenye seli kubwa, ukaizunguka kama shanga shingoni.

"Mshipa umegusa seli!" Siwatu aliruka, kiti kikaanguka. "Dokta, umegusa! Njoo, njoo uone!"

Mzee alivua miwani, akainama. Mkono wake wa kushoto uliondoka mezani, ukaenda taratibu mgongoni kwake mwenyewe, ukaanza kupapasa pingili moja baada ya nyingine.